Kimya cha Dalva

Kwetu Mombasa mwanamume anayeposa haketi kwenye posa yake. Hutolewa nje kama paka siku ya kukaanga samaki. Wazee ndio huzungumza, na wewe mwenye moyo wako unasubiri uambiwe umepata au umekosa. Ndiyo maana Jumamosi ile ya Agosti, katikati ya lokdauni, Shangazi Ghaliya alinisukuma mpaka uani kwake Fairfield, Sydney, ninakokaa, akafunga mlango wa kioo, akavuta na pazia.

"Shangazi, lakini hii si posa," nilimwambia kupitia wavu wa mbu wa dirishani. "Mimi nilisema umpime tu. Umuulize habari za mpira, umuulize kama ana nia ya kukaa huku, basi."

"Na ndivyo n'takavyofanya."

"Mbona umevaa buibui la Idi?"

"Kwani mtu akipima avae gunia?"

"Na mbona nasikia sauti ya Mama?"

Akakohoa. "Mamako amepiga kusalimia."

"Na Mjomba Abdulhakim naye anasalimia?"

"We Mselem, una maneno kama redio ya kinyozi! Kaa huko, usinitie mkosi."

Nikakaa juu ya ndoo, chini ya kamba za nguo, kibaridi kikinipenya masikioni. Kama si korona, Dalva angekuwa sebuleni mle na sahani ya viazi karai mbele yake. Lakini mwaka ule wa elfu mbili ishirini na moja, Sydney nzima ilikuwa imejifungia, na sisi wa magharibi tulifungiwa zaidi. Kwa hiyo posa yangu ilikuwa ndani ya simu: Mama yuko Kuze, Mombasa, Mjomba yuko dukani kwake Bondeni huko huko, Shangazi juu ya kochi, na Dalva peke yake chumbani kwake Cabramatta. Nyuso nne kwenye kioo kimoja. Uso wa mwenye kuposa haumo.

Mama alikuwa amenikatalia mwaka mzima. Kila nilipomtaja Dalva alikuwa na jipya. "Amekuzidi miaka minne." Nikasema sawa, nitakula sana nimfikie. "Si wa dini yetu." Nikasema Shangazi atamsomesha polepole. "Mselem, anakimbia mbele za watu mapaja nje!" Hapo nikasema Mama, yeye ni mshambuliaji, ukimvalisha buibui atafungaje mabao? Akanikatia simu. Hakunipigia mpaka Ramadhani.

Basi nilipomsikia Shangazi akianza kwa Bismillahi, nilijua nimekwisha. Hakuna mtu anayempima mtu kwa Bismillahi na wasifu wa marehemu babu. Alieleza kwa Kiingereza chake cha kazini, cha kulelea wazee, polepole na kwa sauti kubwa, tunatoka ukoo gani, nani alijenga msikiti gani, na mimi nilivyokuwa mtoto mnene. Mjomba akawa anamtafsiria Mama. Mwisho nikasikia:

"Haya, binti yangu Dalva. Kijana wetu huyu Mselem, waonaje? Utamkubali?"

Kimya.

Kasuku weupe walikuwa wakigombana juu ya nyaya za umeme, nikatamani kuwapiga mawe. Nilikuwa nimesimama, mikono imeshika wavu.

Kisha vigelegele vikapasuka! Cha Shangazi kutoka sebuleni, cha Mama kutoka Kuze, na sauti ya Mjomba juu yao, akiomba dua huku analia. Pazia likavutwa.

"Amekubali!" Shangazi alikuwa anatokwa na jasho. "Kanyamaza, mwanangu! Kanyamaza kabisa!"

Nitawaeleza wasiojua. Kwetu mwari akiulizwa akanyamaza, amenyamaza kwa haya, na kunyamaza kwake ni ridhaa. Akitaka kukataa hulia, au huvunja kikombe. Ndivyo nyanya yangu alivyowakataa wawili kabla ya babu, na seti ya vikombe sita ikabaki vinne.

Shangazi akanisogezea simu. Uso wa Mama ulikuwa umejaa kioo kizima.

"Mselem! Mbona hukuniambia kama mtoto ana haya? Ameinamisha kichwa, kidevu mpaka kifuani! Wasichana wa siku hizi wa hapa Mombasa hawajui kuinama hivyo!"

"Dalva, Mama? Dalva ana haya?"

"Mashallah. Nimekosea sana kumsema. Mwambie mimi mamake nimeomba radhi."

Huyu Dalva ninayemjua mimi aliwahi kumtukana mshika kibendera kwa Kireno, Kikorea na Kinorwei kwa sababu ya kuotea kumoja. Haya aliipata lini? Aliagiza kwa posta?

Lakini moyo ni mjinga. Shangazi aliponikabidhi bakuli la kaimati, "mpelekee mchumba wako," nilipanda baiskeli nikiwa naimba. Tena niliruhusiwa. Mtu anayeishi peke yake alikuwa na haki ya kutembelewa na mtu mmoja aliyemchagua, na Dalva alinichagua mimi tangu Julai. Serikali ya huku ilinitambua kabla ya mamangu mzazi.

*

Nilimsikia kabla sijamwona. Dalva alipanga chumba cha uani nyuma ya nyumba ya Bibi Lan, ajuza wa Kivietinamu, na kutoka uchochoroni unasikia mpira unavyogonga ukuta. Akiwa na furaha hupiga kwa miguu yote miwili, na mlio huwa kama wa saa ya ukutani. Akikasirika hutumia wa kushoto peke yake. Siku ile nilisikia wa kushoto tu.

Nikaegemeza baiskeli. Nikashusha barakoa. Nikatengeneza uso wa bwana harusi.

Alikuwa amenipa mgongo, kwenye fulana yake ya mazoezi iliyochuja, nywele amezifunga kwa kamba ya kiatu. Alipinda kati ya ndoo za mchaichai na mnanaa wa Bibi Lan kana kwamba ni mabeki, akapiga. Kovu la gotini lilikuwa limeng'aa kwa jasho, refu kama zipu. Mwaka na nusu namtazama mwanamke huyu akipiga mpira na bado mate hunikauka.

Tulikutana ghalani, Wetherill Park, tukipakia bidhaa. Ligi ya wanawake ya huku, anayochezea Dalva, huchezwa miezi michache tu, na miezi iliyobaki mchezaji hula anachokitafuta. Siku yake ya kwanza alipewa mkanda wa gundi uliokwisha, umebaki mduara mtupu, akauliza pipa liko wapi, akaonyeshwa kule mwisho. Badala ya kutembea, aliudondosha ule mduara akaupiga teke ukapita juu ya marobota na kuzama pipani. Mimi nilikuwa juu ya folklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo. Niligonga rafu ya chakula cha paka. Méthode, Mkongo tunayefanya naye kazi, alinichomoa kwenye makopo akasema, "Mselem, hii haiko mapenzi. Hii iko aksidenti ya kazi."

"Shangazi yako ana tatizo gani?" Dalva alisema bila kugeuka. Sisi huzungumza Kiingereza cha kuunga kwa gundi, chake kina Kireno ndani, changu kina Mombasa. Nakiweka hapa kwa lugha ya kueleweka.

"Na wewe habari ya jioni."

"Niliulizwa swali. Kabla sijajibu akapiga king'ora. Mamako naye akapiga king'ora. Yule mzee akalia, kisha simu ikakatika. Mselem, nani amekufa?"

Nilicheka, na lilikuwa kosa. Aligeuka.

"Hakuna aliyekufa," nikasema. "Umechumbiwa."

"Nime-nini?"

"Umekubali kuolewa. Na mimi. Hongera, umechagua vizuri. Hizi kaimati."

Mpira ukamponyoka ukaingia kwenye mnanaa. Dalva hapokonywi mpira ovyo. Mabeki wa nchi nne watakwambia.

"Nimekubali saa ngapi?"

"Uliponyamaza."

"Kwenu mtu akinyamaza amekubali?"

"Mwanamke. Kwenye posa. Ni haya inamfanya asiseme."

"Na akitaka kukataa?"

"Analia. Au anavunja kikombe."

"Na akitaka kufikiri?"

Hapo nikakwama. Katika mila zetu zote, na tunazo za kufunga ndoa mpaka za kufunga mzigo, hakuna aliyewahi kuniambia mwari akitaka kufikiri hufanya nini.

"Mama amekupenda," nikasema, maana mtu akikwama hutafuta mamake. "Mwaka mzima hakutaka hata kulisikia jina lako. Leo anakuita mwanangu. Amesema umeinamisha kichwa vizuri sana."

"Nilikuwa nasoma."

"Unasoma nini?"

Aliketi kwenye kizingiti cha mlango wake, palipokuwa na kikombe cha kahawa, ile kahawa yake tamu ya kuumiza meno. Akatoa simu mfukoni akaigeuza geuza.

"Ninyi mlikuwa kwenye kompyuta, juu ya meza. Simu ilikuwa mapajani. Shangazi yako alipofika kwa babu yako aliyejenga msikiti, wakala wangu akaandika." Akainua macho. "Kuna klabu Ureno inanitaka. Ligi ya juu. Wanataka jibu kabla ya Jumatatu."

Niliweka bakuli chini. Mtu mwenye akili hapo angeuliza swali la maana. Mimi nilisema hivi:

"Ureno? Wareno hawa hawa? Walikuja Mombasa wakatujengea ngome, tukapigana nao karne nzima mpaka wakaondoka. Sasa wamerudi kwa simu kunichukulia mke?"

"Kwetu Brazili walikuja wakabaki," Dalva alisema. Hakutabasamu. "Umeona? Umeona unachofanya?"

"Nimefanya nini?"

"Nimekwambia jambo kubwa, na wewe umecheza nalo."

"Wewe ndiye mchezaji!"

"Tena!"

Bibi Lan akafungua dirisha la jikoni, akatutazama, akalifunga nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa ya kusikilizia.

"Haya," nikasema, na sauti ilianza kupanda. "Tuzungumze bila mzaha. Mipaka ya nchi hii imefungwa. Wewe na hiyo pasi yako ya Brazili ukitoka, hurudi. Unajua?"

"Najua."

"Mimi na visa yangu ya masomo nikikufuata, sirudi pia. Nimebakiza mwaka mmoja wa uuguzi. Unajua?"

"Najua, Mselem."

"Wamekutafuta tangu lini?"

Akatazama kahawa. "Mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita! Tumekula pamoja kila Jumapili! Nimekuosha nywele! Nimekaa kwenye kiti hicho nikahesabiwa mabao yako yote tangu uko na meno ya maziwa, na hukuniambia?"

"Ningekwambia ungefanya mzaha. Ungesema Ureno wana samaki wa chumvi. Ungesema utajificha kwenye begi langu. Ningecheka, halafu ningeenda kulala bila kujua kama unataka nibaki au niende." Alisimama. "Na wewe? Mwaka na nusu. Kwa nini umemtuma shangazi?"

"Ni mila."

"Ni mila, au uliogopa?"

Macho yake yana rangi ya kahawa yake, na hayana pembe ya kujificha. Akikutazama hivyo, golikipa huchagua upande na kuomba Mungu. Mimi nilichagua upande usio wenyewe.

"Mtu mwenye haya hawezi kuuliza maswali kama hayo," nikasema.

"Ai, meu Deus!" Akashika kichwa. Akatembea mpaka kwenye mnanaa, akauchomoa mpira, akaukumbatia kama mtoto. Aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Nina miaka thelathini na moja. Goti hili wamelifungua mara mbili. Nilianza kwetu Caruaru, peku, nikicheza na kaka zangu. Nikaenda Korea. Nikaenda Norwei, tunacheza na mpira mwekundu ili tuuone kwenye theluji. Kote huko timu ya taifa imeniita mara moja. Moja. Nikavaa jezi ya njano. Bibi yangu akawaita majirani wote, akatoa televisheni nje. Nikapasha misuli nyuma ya goli kipindi chote cha pili. Kocha hakuniita. Bibi aliniona nikikimbia kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama kuku aliyefungwa kamba. Unajua aliwaambia nini majirani?"

Nilijua. Mazishi ya bibi yake tuliyaangalia kwa simu, kwenye kizingiti hicho hicho, mipaka ikiwa imefungwa hivyo hivyo. Lakini nilimwachia aseme.

"Alisema, 'Mwone mjukuu wangu, hachoki.'"

Nilitaka kumkumbatia. Alikuwa na mpira kifuani. Ndivyo ilivyo kumpenda mshambuliaji, kila ukimsogelea kuna mpira katikati.

Na hapo ndipo simu yangu ikalia. Mama. Kwa video. Mamangu ana kipaji. Angekuwa refa angepuliza filimbi mpira ukiwa hewani.

"Mama, si wakati huu..."

"Mpe simu mwanangu nimwone."

"Nipe," Dalva alisema. Aliichukua, akajifuta uso kwa fulana, akazungumza Kiswahili chake cha ghalani alichofundishwa na Méthode. "Mama, shikamoo."

"Marahaba, marahaba! Mbona watokwa jasho hivyo?"

"Niko nacheza mpira."

"Leo? Siku ya posa yako?"

"Mama, sikiliza. Mimi hapana sema ndiyo."

Nikaona feni ya sebuleni kwetu ikizunguka nyuma ya kichwa cha Mama.

"Na la pia hukusema," Mama akajibu taratibu.

"Hapana sema kitu. Mimi nasoma simu. Kazi ya mpira imekuja. Mbali. Ureno."

"Mselem! Huyu anasema nini?"

Nikaingiza uso. "Anasema kweli, Mama. Ameitwa kucheza Ureno."

"Na ile haya?"

"Alikuwa anasoma ujumbe."

"Yarabi toba! Nimeshamwambia Fatma wa ghorofani!"

Kwa asiyejua Kuze, kumwambia Fatma wa ghorofani ni sawa na kupanda mnara ukatangaza. Muda ule watu walikuwa wanauliza rangi ya leso za sare za harusi.

"Mwanangu," Mama akamgeukia Dalva, amejikaza, ile sauti ya kumfundisha mtoto wa mtu. "Kwetu mwanamume ndiye huenda. Babake Mselem alifanya kazi melini. Akenda, mimi nikangoja. Mwanamke hungoja. Mselem, mtafsirie."

Nikamtafsiria. Dalva alisikiliza hadi mwisho, akafikiri, akaniambia niulize.

"Anauliza, aliporudi ulifurahi?"

Mama hakuwa amejiandaa kwa hilo. Akatazama pembeni, pale ilipo picha ya Baba na kofia ya baharia.

"Alirudi na cherehani na redio," akasema. "Nikamnunia siku mbili, sikumpikia. Kisha nikafurahi. Nilifurahi mno."

Nikamtafsiria Dalva. Safari hii alijibu mwenyewe, neno moja moja, kidole juu.

"Basi Mselem atangoja. Ataninunia. Kisha atafurahi."

Nilifumba macho nikingoja radi. Nilisikia Mama akivuta pumzi, halafu kitu kama kikohozi. Nilipofumbua, alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio.

"Mselem."

"Naam, Mama."

"Huyu haya hana hata chembe."

"Hana, Mama."

"Bora. Mwenye haya wewe ungemmaliza kwa maneno." Akajitengeneza, akarudisha ukali usoni kama mtu anayerudisha kitambaa juu ya televisheni. "Lakini mniambie kitu. Mmoja wenu aseme neno nitakalompelekea Fatma. Anaolewa, haolewi, anakwenda, haendi. Nimechoka kusemewa na kimya."

Akakata.

*

Tulibaki tukiitazama simu kama watu waliotemewa mate wakashukuru. Dalva ndiye aliyecheka kwanza. Kicheko cha kuchoka, cha puani, kikamwishia. Akarudi kizingitini akakaa, akanigongea nafasi kando yake. Nikakaa. Bega lake lilikuwa la moto kutokana na mazoezi, na fulana yake ilinukia mnanaa.

"Sikiliza jambo moja," alisema. "Kombe la Dunia la wanawake linalokuja liko wapi?"

"Hapa. Australia na New Zealand. Umenambia kila siku."

"Nikibaki nikafunga maboksi Wetherill Park, kocha wa taifa ataniona?"

"Labda aagize chakula cha paka."

Akanitazama. Nikanyoosha mkono kuomba radhi.

"Hataniona," akasema. "Nikienda Ureno nikafunga mabao, ataniona. Kwangu mimi Dalva, mpaka umefungwa. Lakini ile jezi ya njano hakuna mpaka utakaoifungia. Nitarudi nimeivaa, hapa hapa Sydney, na siyo nyuma ya goli. Shangazi yako atakuwa jukwaani na king'ora chake. Nimeuona huo uwanja, Mselem. Kila usiku nauona." Akapapasa kovu la goti. "Au goti linaweza kukatika wiki ya kwanza, nisirudi kabisa. Hilo nalo naliona."

Nilimsogezea bakuli la kaimati; hakuligusa.

"Kwa hiyo nakuuliza mimi mwenyewe, bila shangazi, bila mjomba. Ukiniambia nibaki, nitabaki. Sikudanganyi. Nitabaki, na nadhani nitakuchukia kidogo kidogo, kila Jumapili kidogo. Ukiniambia niende, nitakwenda. Lakini jibu la kweli. Ukifanya mzaha mmoja, nakupiga na mpira huu."

Akageuka mzima, magoti yake yakagusa yangu.

"Niende?"

Nilikuwa na mzaha mzuri kabisa. Ulikuwa wa samaki wa chumvi. Nilikuwa na mwingine wa begi. Niliipanga mdomoni na yote ikawa na ladha ya vumbi. Nyuma yake lilikuwa neno moja, "usiende," limesimama mbele ya meno yangu, zito, tayari. Nilikuwa nalo muda wote. Ndilo nililomtuma Shangazi akaliseme kwa adabu, na Bismillahi, na msikiti wa babu, ili lisionekane lilivyo.

Nikalitazama kovu la goti lake. Nikamwona akikimbia nyuma ya goli, kwenda na kurudi, na majirani wa Caruaru wamekaa barabarani.

Sikusema kitu.

Kasuku walihama kwenye nyaya. Dirisha la Bibi Lan likafunguka ile nusu iliyobaki. Dalva alinisubiri, kichwa ameinamisha upande, akinichunguza hivi anavyochunguza ukuta wa mabeki kabla ya kupiga mpira wa adhabu. Midomo yake ilianza kutetemeka pembeni.

"Mselem," alisema kwa upole. "Hulii?"

Nikatikisa kichwa.

Akachukua kikombe chake cha kahawa akanitia mkononi, akanifunga vidole juu yake, kimoja kimoja.

"Basi vunja. Kama hutaki, vunja."

Nilikishika. Kikombe cha udongo, cheupe, kina ufa mdogo kwenye kishikio. Mbele yangu palikuwa na ukuta mzima wa matofali. Moyo wangu, huo mjinga, ulikuwa umeshakivunja mara nyingi. Mkono haukunyanyuka.

Dalva akangoja mpaka akawa na hakika. Kisha akatoa simu, akaandika kwa kidole gumba, neno fupi la Kireno ambalo hata mimi nilijua maana yake, akalituma. Akasimama katikati ya uani wa Bibi Lan, akarudisha kichwa nyuma, akapiga kigelegele.

Kilikuwa kibaya. Kilikuwa kibaya kuliko vyote nilivyowahi kusikia, kama gari la wagonjwa lililoingiwa na maji. Mbwa wa jirani wakabweka. Bibi Lan akapiga kelele kwa Kivietinamu, kisha, sijui alielewa nini, akaanza kupiga makofi dirishani. Dalva alikuwa anapiga kigelegele na machozi yanamshuka mpaka shingoni, na mimi sijawahi kumwona mzuri hivyo, na nilikuwa nimemkasirikia mpaka kwenye mifupa.

Alipomaliza pumzi akarudi, akachuchumaa mbele yangu.

"Na utaningoja?" alinong'ona. "Kama mamako?"

Kikombe bado kilikuwa mkononi mwangu. Nilimtazama machoni, nikanywa ile kahawa yake iliyopoa, na utamu wake wote, mpaka masalio ya chini. Kisha nikamrudishia kikombe kizima, na sikusema neno.